Mwizi wa Sukari

Riziki alianza kutokwa jasho pale kitandani, akamwita mama yake, Bi Nunu, kwa jina la mjomba aliyekwisha kufa. Bi Nunu akanyoosha mkono wenye tende.

"Mama, mkono huo!" muuguzi akamkemea. "Tumemzuia kula makusudi. Daktari anashuku kivimbe kwenye kongosho. Kinamwaga insulini hata akiwa na njaa, sukari yote inakwisha mwilini. Ngoja nitoe damu kwanza."

Bi Nunu akarudisha mkono. Nyumbani ugonjwa huu waliuita jini. Yeye ndiye aliyemfungisha binti yake saumu Jumatatu na Alhamisi ili jini amwachie, na kila Riziki alipoweweseka, yeye alishukuru, akidhani jini anaungua.

Muuguzi akasoma kipimo. "Huyo! Tumemkamata mwizi wa sukari. Picha zikituonyesha alipojificha, atakatwa."

Akamtilia Riziki maji ya sukari mshipani. Muda si muda macho yakatulia, yakamtafuta mama.

"Mama, leo nimejitahidi? Sijafungua, eti?"

Bi Nunu akashika ncha ya mtandio wake, akampangusa paji la uso, akampangusa tena, na jasho lilikuwa limekauka zamani.