Kifo cha Radi

"Mengine yote nitayasahihisha," mwalimu alimwambia yule binti. "Ila kifo chake hapana. Kifo kinabaki vilevile."

Walikuwa wamebaki wawili darasani, santuri ikizunguka mezani. Kitabu cha historia ya jazi kilichosomeshwa chuoni alikiandika mwalimu mwenyewe, na binti, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, alikuwa amekichambua bila huruma. Radi, mpiga tarumbeta maarufu, eti hakujua kusoma nota? Uongo, alisomea. Eti hakuweza kupiga mpaka alewe? Uongo mtupu, pombe hakuionja. Mwalimu alikubali kosa moja baada ya jingine, kwa wepesi uliomtia binti wasiwasi.

Lakini ukurasa wa mwisho ulisema klabu aliyokuwa akipigia muziki ilishika moto kwa hitilafu ya umeme, Radi akarudi ndani kumwokoa mpiga piano wake, wakateketea wote wawili. Kila mwaka chuo kizima kilisimama kimya kwa heshima yake.

"Santuri hii ilirekodiwa baada ya moto," binti alisema. "Jina kwenye jalada si lake, lakini msikilize anavyovuta pumzi kabla ya kupanda juu. Ni yeye, Mwalimu. Tangu lini maiti wakarekodi?"

"Waigaji wako tele."

"Hakuna anayeiga pumzi ya mtu. Ndivyo nilivyoandika kwenye tasnifu yangu."

"Basi nitakufelisha."

Neno lilipomtoka, mwalimu aliona aibu. Hakuwahi kufundisha mwanafunzi mwenye sikio kama lile.

Binti alibeba begi lake, machozi yakimlengalenga. "Nifelishe tu. Kesho naipeleka gazetini."

Mwalimu alirudi nyumbani roho mkononi. Binti alikuwa amesema kweli, na yeye aliijua kweli hiyo tangu utotoni. Radi hakurudi ndani. Alishikwa na hofu, akatoka mbio, akamwacha mwenzake aungue, akarekodi santuri ile moja kwa jina la bandia, kisha aibu ikamfungia kwenye chumba cha nyuma cha nyumba hii. Ukurasa ule uliandikwa kumsitiri mtu mmoja tu, baba yake mwalimu.

Mzee alikuwa kwenye kiti chake, shuka magotini. Mwalimu alikaa sakafuni karibu na miguu yake, akamweleza habari ya binti, santuri na gazeti.

"Baba, tumechoka kuficha. Tuseme wenyewe kabla hawajasema wao. Watu watakuhurumia. Nani asiyeuogopa moto?"

 Mzee alilivuta shuka, akalikunja, akalikunjua tena.

"Huyo mtoto," aliuliza hatimaye, "amejua tu kwamba niko hai, au amejua na aliyemwaga mafuta ya taa?"