Mgeni Aliyekula Mayai Tu

Yai la pili Phelista alilimenya mwenyewe, polepole, nyumba nzima ikimwangalia vidole.

Mbele yake paja la kuku na chipsi vilikuwa vinapoa juu ya karatasi nyeupe inayong'aa, ile isiyolowa mafuta. Hakuvigusa. Chai alikunywa, maana birika lilikuwa la watu wote. Ndizi alikula. Vitu vyenye ganda, mgeni mmoja, Rosaline, alimnong'oneza aliyeketi kando yake, vitu ambavyo mkono wa mwenye nyumba haujaingia.

Wilkista, mwenye nyumba, alisikia. Alikuwa amejaza watu sebuleni kwake hapo Bungoma kwa sababu moja tu: Phelista aonekane akila chakula chake. Wawili hao walikuwa wameolewa na ndugu. Mwaka uliopita Sifuna, mume wa Phelista, alikula kwa Wilkista jioni, na kulipokucha alikuwa maiti. Daktari alisema presha. Mtaa nao ulisema ni sumu. Na sasa Wilkista alikuwa ameuza ng'ombe wawili ili afungue kibanda cha chipsi. Nani angenunua chakula kwa mwanamke anayesemwa hivyo?

"Mama Joy, kula basi," alimwambia Phelista. "Ama nikuongezee kachumbari?"

"Nimeshiba, Mama Absalom."

"Umeshibaje na umetoka Kitale asubuhi?" Rosaline aliuliza. "Ama mayai ya huku yanakuja na ugali ndani?"

Watu wakacheka. Phelista aliinua ukingo wa karatasi kwa kucha, akachungulia upande wa chini.

"Hii ulinunua wapi?"

"Hapa tu sokoni. Nilitaka mambo yakae ya kitauni, bana. Ona, mafuta hayapiti hata tone."

"Naona," Phelista alisema, akaisukuma kando na kujifuta kucha kwa leso.

Ndipo Wilkista akafanya lile ambalo mwenye nyumba akishukiwa hana budi kulifanya. Alichukua paja lile lile, akaling'ata mbele ya wote, akatafuna, akameza. Akala na chipsi, konzi baada ya konzi, mpaka karatasi ikabaki tupu na machozi yakimlengalenga. Akaleta nyingine, imejaa.

"Sasa wewe."

Phelista alimtazama kama mtu aliye na neno mdomoni. Kisha akachukua mkoba wake.

"Acha niwahi gari, Mama Absalom. Mvua inakuja."

Hakuna aliyemsindikiza. Wageni walianza kuweka chakula chini mmoja mmoja, wengine wakijifanya wamekumbuka ng'ombe hawajakamuliwa. Rosaline, ambaye chake kilikuwa kimeisha zamani, alitoka nyuma ya nyumba akajitia kidole kooni.

Kibanda kilifunguliwa Jumatatu. Kufikia Ijumaa, mafuta ya Jumatatu yalikuwa bado meupe kwenye karai, hayajakaangiwa kitu. Wanafunzi walipita upande wa pili wa barabara wakiziba pua, wakisukumana. Mukhisa, mumewe Wilkista, alipanda juu akaanza kung'oa mabati.

Siku hiyo hiyo, mjini Kitale, Phelista alikuwa mlangoni pa duka lake la jumla na mshirika wake Nasir, wakipakia katoni za karatasi nyeupe inayong'aa, ile isiyolowa mafuta, kwenye pikapu.

"Hizi ni za Bungoma, wameagiza tena," Nasir alisema. "Lakini nyumbani kwenu si uliwaambia kwa nini huko nchi za nje zilikataliwa? Ati hiyo dawa ya kuzuia mafuta inaingia kwenye chakula, na ikishaingia mwilini haitoki?"

"Ningewaambiaje," Phelista alisema, akimpokeza katoni nyingine, "na tumebakisha katoni mia mbili za kuuza?"