Chakula cha Mchana cha Mzee Romanus

Kuku alirudi jikoni kwa mara ya pili, na alama za meno ya Mzee Romanus bado zilionekana ubavuni mwake.

"Anasema huyu hakuchinjwa, amestaafu," Shabani akaeleza, sinia mkononi, uso mkavu kama wa mtu aliye msibani.

Swabaha hakucheka. Tangu asubuhi hakuwa amekalia kiti. Anatoka jikoni, anachungulia ukumbini, anatazama saa ya ukutani, anarudi jikoni, mpaka Maulida mpishi akamwambia, "Dada, tulia basi, unanitia kizunguzungu."

Atatuliaje? Mgahawa wao, hapo Sakina kando ya barabara ya Nairobi, ulikuwa mali ya umma, na mwaka ule mali ya umma ilikuwa ikiuzwa kila kona. Sanduku la zabuni lilikuwa mjini, na lingefungwa siku hiyo hiyo saa tisa alasiri. Wanunuzi walitajwa wengi, maana Arusha kwa maneno haijambo. Aliyekuja kweli alikuwa mmoja tu: Mzee Romanus wa Moshi, mwenye maduka mawili ya vifaa vya ujenzi na tumbo la kuyatosha yote mawili. Alipoingia aliweka bahasha yake mezani, karibu na chupa ya pilipili, akasema wazi, "Mimi sinunui nisichokionja. Nileteeni kile kile mnachowapa watalii. Nikishiba, naipeleka hii mjini."

Watu kumi na mmoja walikuwa wakiishi kwa mgahawa ule. Swabaha mwenyewe alikuwa ametimiza miaka kumi na minane pale, kutoka kuosha vyombo hadi usimamizi. Na sasa chakula kimoja cha mchana ndicho kingeamua kama mwezi ujao watakuwa na kazi au watakuwa barazani wanapiga soga.

Supu ilikuwa imekwenda ya baridi, mafuta yameganda juu kama nta. Chipsi zilikuwa zimelegea. Maulida, ambaye familia za Sakina zilimgombea kila penye harusi, siku hiyo chumvi ilikuwa imemzidi.

"Mpashie moto kuku wake, mrudishie," Swabaha akasema, akatoka kwenda kuomba radhi.

"Shikamoo mzee. Tusamehe, mpishi leo hajisikii vizuri."

"Marahaba, mama. Mwambie meno haya nimeyatengenezea Nairobi, asije akanivunjia." Mzee akazungusha macho ukumbini. "Na hao wahudumu wote waliosimama wanangoja nini, picha? Hapa wanatosha watatu. Nami nina wapwa watatu, wana nguvu kama punda." Akacheka peke yake. Swabaha naye akacheka, kidogo.

Mzee akachovya chipsi kwenye pilipili, basi tu apate la kumezea. Akafumba macho. Akachovya nyingine.

"Eh! Hii nani katengeneza?"

Maulida alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Swabaha akawahi kujibu.

"Ya dukani, mzee."

Mzee akaigeuza chupa, akatafuta karatasi ya kiwandani, asiione. Akachovya ya tatu. Swabaha akatazama saa: saa nane kasoro dakika kumi.

Hapo basi dogo la watalii kutoka Nairobi likapunguza mwendo, likaingia uani. Wazungu tisa, vumbi hadi kwenye kope, wanajinyoosha, wanacheka. Mzee Romanus akakaa wima, mkono ukaigusa bahasha.

"Kumbe mahali hapa panasimamisha magari!"

Lakini Shabani alikuwa ameshafika uani, anawapungia mikono yote miwili. Dakika mbili hazikupita, basi likarudi kinyumenyume barabarani, likaenda zake.

"Wewe kijana, umewaambia nini?"

"Chakula kimekwisha, mzee."

"Saa nane mchana?"

"Huwa kinakwisha, mzee."

Mzee Romanus akamgeukia Swabaha. Swabaha akaashiria jikoni. Ikaletwa kahawa. Ilikuwa ya kopo, ya uvuguvugu, na sisimizi wawili walikuwa wakiogelea ndani yake. Mzee akaisukuma, akanyoosha kidole dirishani, Meru ulipokuwa umejitandaza mweupe wa mawingu kileleni.

"Mama, mlima mzima huo umejaa kahawa, mnaniletea maji ya kusuuzia sufuria?" Akasimama. "Nimekula bwenini. Nimekula jeshini. Nimekula hospitali, nimelazwa miezi miwili. Hii sijapata kuiona. Hata mkinigawia bure sitaki. Niandike jina langu juu ya mlango huo, watu wa Moshi wanicheke hadi kaburini?"

Akaichukua bahasha, akaichana vipande vinne, akaviacha juu ya kuku. Kisha akaingia kwenye pikapu yake, akashika njia ya kwao.

 Ukumbini walisikiliza mlio wa pikapu mpaka ukamezwa na malori. Swabaha akavuta kiti cha mzee, akakaa, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Amekwenda kweli?"

"Ameshapita kona," Shabani akajibu.

Swabaha akanyanyuka, akafungua droo ya kaunta, akatoa bahasha ya kaki. Akasoma fomu ya zabuni iliyomo kwa mara ya mwisho: waombaji kumi na mmoja, jina la kwanza lake. Akailamba gundi, akaifunga.

"Shabani, washa pikipiki, tuna nusu saa. Na wewe, Maulida," akasema huku akijifunga mtandio, "sasa pika."