Kakakuona na Maneno ya Wahenga

Palikuwa na Kakakuona asiyetulia na swali moja: alichunguza mchwa, akahamia mizizi, kisha mvua. Kila alichokigundua alimwambia Kwale akakitangaze. Yeye mwenyewe hakutoka shimoni miaka mingi.

Siku alipotoka, aliwakuta wanyama bwawani.

"Wahenga walisema, mchwa wakihama mvua i karibu," Ngiri alikuwa akiwaambia wenzake.

Moyo wa Kakakuona ukaruka kwa furaha. "Hayo niliyasema mimi."

Ngiri akamtazama kwa huruma. "Mzee, wahenga walishakufa zamani."

"Mimi mzima, na tena nilikosea. Mchwa huhama hata kwa njaa."

"Na wewe ni nani hata uwapinge wahenga?"

Kakakuona akarudi shimoni. Maneno yake yalikuwa katika kila mdomo, na hakuna hata mmoja uliomwamkia.