Koti la Bi Radhia

Katika ofisi ya maji ya mji ule, kila mtu aliacha koti kitini ili akitoroka aonekane yupo. Koti la Bi Radhia peke yake halikuwahi kudanganya.

Chuo kikuu kilikuwa kimempa nafasi ya kusoma na kinasubiri jibu lake, na mpaka asubuhi ile hakuwa ameamua. Mkuu wa ofisi, Bwana Mkilindi, alimfuata mezani.

"Mimi nastaafu, kiti changu nakuachia wewe. Uzamili wa nini tena, dada yangu, na wajukuu unao?"

"Mkuu, visima vya mlimani vinakauka hata mvua ikinyesha. Watu wakiniuliza sababu, nawajibu sijui. Nimechoka kujibu hivyo."

Akasimama, akalikung'uta koti, akalivaa. Lilimbana mabegani, lakini alifunga vifungo vyote. Bwana Mkilindi, aliyekuja kumzuia, akajikuta anamfungulia mlango.

Aliporudi ndani, Bwana Mkilindi alikitazama kile kiti kitupu. Jua lilikuwa limekipausha kitambaa chote, ila pale koti lilipokuwa likining'inia palikuwa bado buluu, kama kilivyotoka dukani. Akaingia ofisini kwake, akalishika koti lake lililokuwa kitini, akalinyanyua taratibu aone rangi iliyokuwa chini yake.