Benchi la Taulo

Mama mkwe wangu aling'ang'ania ukingo wa bwawa kwa vidole vyote. Wenzake walishaelea, alibaki yeye tu.

"Achia, mama. Nipo," nikamwambia. Mimi ndiye kocha.

"Ukinizamisha, utamwambia nini mume wako?"

Mwanzoni mwa mwaka, mwenyekiti wa klabu yetu ya kuogelea alitaka lengo letu liwe medali, kama kawaida. Nikaandika langu ubaoni: benchi la taulo libaki tupu. Hapo ndipo wanapokaa akina mama na akina bibi, wakiwashikia watoto taulo miaka nenda miaka rudi, na wao wenyewe hawajalowa hata kifundo cha mguu. Tukawapa saa yao ya kujifunza kuogelea, bila watoto wa kuwarushia maji.

Siku ile mwenyekiti aliguna. "Hilo nalo utalipimaje?"

Sasa, pale ukingoni, kidole gumba cha mama mkwe kikalegea. Vingine vikafuata. Mama mkwe akaelea chali, akicheka mpaka maji yakamwingia puani.

Alipomaliza kukohoa, akamwona mwenyekiti amesimama ukingoni na tai yake shingoni.

"Baba, usisimame bure. Nishikie taulo."

Mwenyekiti akaiokota, akatafuta pa kukaa. Benchi zima lilikuwa lake.