Mgongo wa Jemadari Nungunungu

Wanyama walipomng'oa Chui kwenye utawala, aliyewaongoza vitani alikuwa Nungunungu. Amani ilipokolea, ndimi nazo zikapata kazi, na jemadari akaitwa barazani uongozi wake upimwe.

Mbweha ndiye aliyesimama kumshtaki. "Jamani, tusidanganyane. Huyu mnayemwimba hakuwahi kumkabili Chui uso kwa uso. Kila pigano nilimwona kwa macho yangu haya akimpa Chui mgongo. Jemadari gani huyo?"

Baraza likaguna. Twiga, mwenyekiti, akasema kwa upole, "Omba radhi, mzee wetu, yaishe."

Nungunungu alihisi miiba ikimsimama. Aombe radhi kwa vita alivyoshinda?

"Siombi!" alisema. "Ni kweli nilimpa mgongo, na akirudi leo nitampa tena. Miiba yangu iko huko. Ukoo wetu hupigana kinyumenyume."

Kisha akawageukia askari wake wa zamani. "Nyinyi mliokuwa nami, mliuona mgongo wangu?"

"Hata kidogo," alijibu Swala. "Tuliuona uso wako. Ulikuwa ukitutazama, ukitukemea tusikimbie."

"Basi mgongo wangu aliuona Chui, pamoja na waliosimama nyuma ya Chui." Nungunungu akamkazia Mbweha macho. "Wewe, bwana, uliuona ukiwa wapi?"

Tangu siku hiyo, anayetaka kumpima jemadari huulizwa kwanza alikuwa amesimama upande gani.